Aliyepungua Upande wa Kulia

Tausi binti Nasri bin Shekhe, wa Mwera, Pangani. Shekhe ndiye aliyejenga tanuri la kwanza la chokaa pale kijijini. Nasri akachoma chokaa iliyopaka msikiti nje na ndani. Na Tausi, na darasa lake la saba, amechoma chokaa ya nyumba ambazo wenyewe hata hawamjui. Chokaa imemla vidole mpaka havina alama. Siku ya kusajili laini ya simu, mashine ilimkataa. Akawaambia vijana wa usajili, "Andikeni tu. Mimi ni mimi."

Sasa tanuri lile lina tabia yake. Mawe ya matumbawe huingia mazito, watu wakigumia. Moto ukizimika, chokaa hutoka nyepesi, karibu nusu ya uzito haipo. Haikumwagika wala haikuibwa. Wazee waliiita nusu hiyo iliyopotea fungu la tanuri, wakaishia hapo. Na kando yake pana shimo refu la kutolea chokaa, linalosemwa lina jini. Hashuki mtu mpaka jogoo afungwe humo magharibi, alale, awike asubuhi. Asipowika, shimo huachwa mpaka upepo upite. Huyo asiyewika hutolewa kafa, kalala ubavu, manyoya hayajavurugika hata unyoya mmoja.

Mumewe, Safari, alikuwa mtu wa mzaha. Zamani hizo walifikiwa na wageni wa ghafla kutoka Usagara, na nyumbani hamna kitoweo. Safari akamchinja jogoo wa shimo. "Jini naye ale wali mkavu leo," akasema, wageni wakacheka. Asubuhi akashuka na koroboi yake. Tausi alipochungulia alimwona ameketi, ameegemea ukuta, kichwa kimeinama kama asikilizaye kitu chini ya ardhi. Alimwita. Hakuwa na jeraha. Koroboi ilikuwa imezimika na mafuta yamejaa tele. Wanaume walimzuia Tausi asimfuate, wakamvuta marehemu kwa kamba na kulabu. Tangu hapo ikasemwa vibarazani: Tausi kamtoa mumewe kafara.

Mwanawe Tahiri alikulia ndani ya maneno hayo. Juzi, tanuri limekwisha kuzimwa, mvua imekatika na jani halitikisiki, akasimama mbele ya mamake.

"Mama, kesho nashuka bila jogoo. Nimechoka kuitwa mtoto wa mchawi."

"Shuka, mwanangu. Nami nitakusomea Yasini."

"Mama!"

"Nimesema uongo?"

Tahiri akageuka, akaenda kunoa sururu yake.  Mtoto huyu alikuwa na kichwa cha babake.

Alasiri ile akamkuta Sabiha, binti wa Tahiri, wa kidato cha tatu, anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa tanuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndo' nini hiyo unayonichafulia ukuta?"

"Mlinganyo wa kemia. Kushoto mawe, kulia chokaa. Vilivyoingia kushoto lazima vitoke vyote kulia, ila havilingani." Akaonyesha kwa kidole. "Kwenye mawe kuna kalsiamu moja, kaboni moja, oksijeni tatu. Kwenye chokaa kuna kalsiamu moja na oksijeni moja. Basi nikaweka tatu mbele ya chokaa, oksijeni zikatimia."

"Na kalsiamu?"

"Zimekuwa tatu."

"Mbili umezizaa wewe? Na ile kaboni?"

"Haipo, Bibi."

"Haipo, au huioni?"

 Sabiha akaifuta ile tatu kwa kiganja, akahesabu kilichopungua: kaboni moja, oksijeni mbili. Mkaa ukamkwama mkononi. "Hewa ukaa," akasema polepole. "Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa yetu. Pakiwa hapana upepo hutuama bondeni kama maji, na aliyemo ndani…"

Hakumaliza. Tahiri alikuwa amesimama nyuma yao, sururu mkononi.

 Tausi alifunga koroboi kwenye kamba, akaiwasha, akaishusha shimoni. Mwali ulishuka umesimama wima, haukutikisika. Nusu ya shimo ukazimika ghafla, kama mtu ameufinya kwa vidole. Akaivuta, akaiwasha, akaishusha tena. Ukafinywa pale pale.

Tahiri akarudi nyuma hatua. "Kumbe babangu…"

"Babako alimla shahidi wake," akasema Tausi.

Akalitazama lile shimo. Miaka yote alilisalimia kimoyomoyo kila alipopita, akidhani mna jini. Sasa limepata jina, na bado limo, limetulia pale chini, linangoja.

Akamkabidhi Sabiha kamba, ile ile iliyomvuta Safari.

"Babako ana haya, na mimi magoti yamekwisha. Leo jogoo atafungwa na wewe, na kesho utamsikiliza wewe. Asipowika, hashuki mtu, hata babako akikuchapa. Na wageni wakija, Sabiha, wape dagaa."