Kaseti na Maksai wa Kushoto

Kaseti moja ya gemu ilitugharimu maksai wa kushoto. Ilikuwa mpya, imo ndani ya boksi lake, na haikuzidi ukubwa wa kitabu kinene. Mvua za kwanza zilipoanguka, mama yangu alirudi kulima kwa jembe la mkono.

Kaka yangu alikuwa dereva wa shirika moja la umma hapa Sumbawanga. Enzi za ruksa, biashara huria ziliporuhusiwa, mashirika yalianza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walitumia kiinua mgongo kununua mashine za kusaga au kuanza biashara ya mitumba. Yeye alikwenda Tunduma mpakani, akarudi juu ya lori na kabati refu la mbao lenye kioo cha televisheni, vipini viwili na tundu la kutumbukizia sarafu. Nyuma ya kabati kulikuwa na mlango mdogo, na ndani ya mlango ule kaseti ilikuwa imechomekwa. Kaseti ndiyo iliyobeba gemu. Ukiibadilisha, umebadilisha mchezo, na kabati linabaki lile lile.

“Mashine unanunua mara moja,” aliniambia. “Baada ya hapo ni kaseti tu.”

Alipanga chumba mtaa wa Mazwi, jirani na shule niliyokuwa nafundisha. Miezi ya mwanzo baiskeli ziliegemezwa ukutani mpaka mwenye nyumba akalalamika. Mchezo wenyewe ulikuwa wa watu wawili wanaopigana. Ukipigwa, sarafu yako imekwisha. Ukishinda, unaendelea na adui mwingine. Kufikia msimu wa mavuno vijana walikuwa wamewajua maadui wote, na hapo ndipo biashara ilipoanza kufa. Alasiri moja nilimkuta fundi baiskeli mmoja kijana ameshika kipini, wenzake wamejaa nyuma yake.

“Mshikaji, toka basi. Umeoa hapo?”

“Tulieni. Huyu wa mwisho simpigi, namfunza adabu.”

“Bosi, mtoe huyu!”

Kaka alikuwa amekaa juu ya kreti la soda. “Nimtoe vipi? Kalipa.”

Kijana alilipa sarafu moja saa nane mchana. Saa kumi na moja umeme ulipokatika, alikuwa bado anacheza kwa sarafu ile ile.

Ilihitajika kaseti nyingine. Kaka alirudi Tunduma, akaniletea habari iliyonifanya niulize mara mbili: kaseti moja mpya ilikaribia bei ya kabati zima. Zilizotumika zilikuwa nafuu, lakini mfanyabiashara alisema zimekwisha na hajui zitakuja lini. Kaka hakuwa tena na akiba. Alikuwa na maksai mmoja.

Baba alituachia jozi, mmoja wa kaka, mmoja wangu, na wote wawili walilima shamba la mama, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini. Yule wa kulia, ambaye ni wangu, alizoea kutembea ndani ya mfereji wa plau. Wa kushoto, wa kaka, alizoea kutembea juu ya ardhi ngumu. Walifundishwa hivyo tangu wakiwa ndama, kila mmoja na upande wake, na ukiwabadilisha walisimama tu na kukutazama.

Kaka alikuja kuniomba ruhusa, ingawa maksai alikuwa wake. Nilikuwa na muda wa kukataa. Nilisema, “Mashine ikianza kuingiza, utanunua mwingine kabla ya mvua.” Maneno hayo ni yangu, sikuyasikia kwa mtu.

Mnunuzi alikuwa mfugaji aliyehama kutoka Usukumani na mifugo yake. Alimzunguka yule maksai, akamgusa shingo palipoota sugu ya nira.

“Huyu ni wa kushoto,” alisema. “Wa kulia mnamwachia nani?”

“Yupo,” kaka akajibu.

“Mnaniuzia nusu ya mkasi.” Alicheka, lakini alilipa.

Kaseti ilifika siku ya Jumamosi. Kaka aliipitisha kwanza kwa mama, kumwonyesha ng'ombe alikoishia. Mama aliitoa kwenye boksi, akaitikisa karibu na sikio.

“Mbona haina kitu ndani?”

“Mama, si kitu cha kutikisa.”

“Maksai ukimtikisa unamsikia.”

Mazwi tulifungua mlango wa nyuma wa kabati. Kaseti haikuingia. Nilichukua rula yangu ya shule nikapima: umbo lake lilikuwa jingine, na meno yake ya shaba hayakulingana na yale ya zamani. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya kimashine kidogo kilicholala mbele ya televisheni, katika sebule yenye zulia. Tuliiona wote wawili. Tulidhani ni pambo.

Baadaye nilimuuliza kaka mara nyingi alichouliza kule Tunduma. Aliuliza kama ni ya kampuni ile ile. Akajibiwa ndiyo, na ni kweli ilikuwa ya kampuni ile ile. Hakuuliza kama ni ya kabati au ya nyumbani, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua kwamba kuna za nyumbani.

Angeweza kuirudisha. Lakini huku kwetu kifaa cha plau kisichoingia hakirudishwi dukani, kinapelekwa kwa fundi. Mimi ndiye niliyetaja jina la fundi. Alikuwa mzee wa kufua vyuma nyuma ya soko, aliyewahi kulazimisha kila aina ya jembe likae kwenye kila aina ya plau.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Leteni. Chuma au bati?”

“Plastiki.”

“Plastiki ni mboga.”

Alifuatana nasi hadi kwenye kabati, akapiga tupa kwa uangalifu, akipuliza vumbi, akijaribisha, akipiga tena. Kaseti iliingia. Kaka aliwasha mashine mbele ya vijana waliokuwa wakisubiri tangu asubuhi. Kioo kilichora mistari ya kijani, kikatetemeka, kikazima. Tulirudisha kaseti ya zamani. Kioo hakikuwaka.

“Bosi, irudishe basi ile nyingine,” alisema yule fundi baiskeli kwa sauti ya chini. Ilikuwa imesharudishwa.

Mvua ziliponyesha nilijaribu kumfunga maksai wangu pamoja na wa jirani. Alikwenda hatua chache, akasukuma upande mmoja, akalala chini na nira yake. Mama alikuwa amesimama pembeni na jembe begani, kama mtu aliyekwisha kujua. Mwaka ule alilima robo ya shamba, kwa matuta ya kufukia majani kama alivyolima kabla hajaolewa. Mahindi hayakufika msimu mwingine.

Kaka alikwenda Kabwe, kando ya ziwa, kubeba samaki mwaloni wanakoshushwa. Kabati limetolewa uani, kuku wanalala ndani. Kaseti niliipeleka kwa fundi redio. Aliifungua, akaitazama kwa lenzi, akasema huenda imeungua, huenda haijaungua. Ili kujua inatakiwa mashine ya aina yake, ile ndogo ya kwenye picha, na hajawahi kuiona mkoani hapa.

Malori ya dagaa yanayopitia Namanyere huniletea ujumbe wa kaka. Swali lake ni moja: imejaribiwa? Bado anaamini kwamba ikiwa nzima itauzika, na ikiuzika atamnunua maksai. Yule mfugaji naye amekuja mara tatu kumuulizia wa kulia, kwa sababu wa kushoto amekataa kulima na ng'ombe mwingine. Sijampa jibu. Hata kaka sijampa.

Kaseti iko kwenye boksi lake, juu ya kabati langu la vitabu. Nimeitikisa mara nyingi. Kama kuna gemu ndani au hakuna, sijui.