Lieve na Korongo wa Skaldair

Saa mbili asubuhi, kando ya barabara kuu iendayo mji wa Leuven, Lieve Verhaegen amesimama juu ya jukwaa la vyuma, ubavuni mwa mkia wa ndege isiyopaa tena. Anapulizia vidole pumzi ya moto, anafungua kopo la rangi ya buluu, anaikoroga polepole. Chini, harufu ya mafuta ya chipsi imeshatanda.

Ndege hii ilikuwa ya Skaldair, shirika la taifa lililofilisika vuli ya 2003. Kurt Daneels, mwenye mkahawa, aliinunua kama chuma chakavu akapanga meza ndani. Sasa anataka korongo, nembo ya shirika, arudi mkiani. Ila safari hii awe ameuma kipande cha chipsi.

"Mama Lieve, chipsi usiisahau! Watu wanakuja hapa kucheka," Kurt anampigia kelele kutoka chini. "Nani atakula chipsi huku analia?"

"Wapo," anajibu bila kugeuka. "Ngoja waje."

Lieve ana miaka hamsini na tisa. Siku hizi anapiga rangi malori katika karakana moja ya Vilvoorde. Skaldair aliingia mwaka 1984, bado msichana, akawa mwanamke pekee katika kikosi cha wapaka rangi.

Korongo wa kwanza alichorwa na mwalimu wa shule, aliyeshinda shindano la gazeti baada ya vita. Alikuwa na manyoya yake yote, na miguu mirefu ikining'inia nyuma. Mafundi wakamtania: huyu rubani wake kasahau kukunja magurudumu.

Miaka ya sabini akakatwa miguu. Ukabaki mstari mmoja mzuri, kutoka mdomoni hadi ncha ya bawa. Huyo ndiye ambaye Lieve alimjua kwa mkono. Halafu wakaja wataalamu wenye suti, wakamfanya vipande vitatu vya rangi vilivyopinda.

"Sisi tulimwita Ndizi," anasema, akicheka kidogo. "Shirika linazama, wao wanamnyoa ndege."

Lilipofilisika, wenye kuzikodisha ndege walizitaka zikiwa nyeupe. Lieve na wenzake wakawafuta korongo, mkia baada ya mkia. Annemie Claes, mhudumu wa ndege na rafiki yake mkubwa, aliwaletea kahawa akasimama nao kwenye baridi hadi wa mwisho akatoweka.

"Annemie alisema, 'Mpake taratibu, asiumie.' Tukacheka, kisha hakuna aliyeweza kunywa ile kahawa."

Ndiyo maana alimkubalia Kurt. Alitaka kuupanda mkia ule mara moja tena. "Nikajiambia chipsi ni jambo dogo. Roho ikishatamani kitu, haikosi sababu."

Jumamosi ya ufunguzi, rangi ikiwa imeshakauka, Annemie alifika na wahudumu wenzake wa zamani, wamevaa skafu zao za kazi. Alitazama juu, kwenye mkia.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe, Lieve? Angekuwa mtu mwingine nisingeshangaa."

"Kazi ni kazi, Annemie."

"Kazi ilikuwa ile. Hii ni dhihaka."

Alifungua fundo la skafu, akaitia mfukoni, akarudi kwenye gari. Hakuingia ndani. Tangu hapo simu za Lieve hazipokei.

Lieve alimwomba Kurt amruhusu aifute ile chipsi, bila malipo. Kurt hakumfokea. "Watoto wanapiga picha naye, mama. Niwaambie nini?" Lieve alirudi kwenye malori yake. Alimchora mwenyewe, na alimchora vizuri.

Nyumbani kwake Steenokkerzeel, ukuta wa pembeni hauna dirisha. Ameshausugua, ameshaupaka rangi ya kwanza. Anataka kumchora yule korongo wa mwalimu, na miguu yake yote.

"Mke wangu, rangi ya ukuta haishiki kwenye baridi," mumewe, Jef, anamwonya kila akimwona na ngazi. "Subiri majira ya kuchipua."

Anasubiri. Annemie hupita njia ile kila Jumapili akienda kumwona mama yake.

"Sitampigia tena," Lieve anasema. "Nitachora tu. Akipita, ataona. Akisimama, nitashuka."