Jina langu lilikuwa la mwisho

Mucheke tu, hata miye nimejicheka. Kazi yangu hapa Bunia ni kuingiza majibu ya watafiti ndani ya ordinatere, kompyuta ya ofisi. Profesa wetu aliita mkutano wa kueleza nani atatajwa kama mwandishi wa makala na nani atashukuriwa tu. Sikuenda. Nilisema hizo ni kanuni za wadogo. Miye mjuaji nilijua jambo moja: kwa watafiti, jina la mkubwa huwekwa mwisho.

Makala ilipotoka, nilikimbilia ukurasa wa mwisho. Jina langu hilo, chini kabisa! Kichwa kikavimba. Jumapili nikapeleka mbuzi wa shukrani kanisani kwetu, kule kijijini Shari, punda miye ndani ya suti mpya, wakwe zangu wakinifuata. Nilikuwa nimemwalika hata Profesa, aje aone mkubwa mwenzake.

Pasteri akamwomba Profesa asomee kanisa jina langu ndani ya makala. Profesa akavaa miwani, akasoma mu mikro, sauti ikajaa kanisa zima: “Mwishoni, tunashukuru pia sentinele wetu wa mlangoni, mama mupishi, shofere wetu, na Faustin.”

Kwenye benchi la nyuma shofere, aliyemleta Profesa kwa gari, akaruka: “Papa Faustin, ungojee! Kumbe hata miye niko ndani!”

Akaja akicheza mpaka mbele, akashika kamba ya mbuzi.