Visanduku vya Nekesa

Hii stori mimi huwa siisimulii, huwa nasimuliwa, na wenzangu hapa mtaani Malaz wakiianza tu, mimi hujifanya naenda kuangalia gari. Leo wacha niiseme mwenyewe, angalau mnicheke kwa haki.

Dadangu mdogo, Nekesa, alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kule Jeddah, mtaa wa Al-Hamra, nami dereva huku Riyadh, na ni mimi niliyemshawishi aje (mama alikataa katakata, nikamwapia nitamchunga), kwa hivyo kila siku roho yangu ilikuwa juu juu. Madam wake hakutaka achati kazini, na simu alikuwa akiikagua. Basi binti wa madam, mgonjwa wa tamthilia za Kikorea, akamfundisha ujanja: kuna herufi ya Kikorea isiyoonekana. Kumbe ndani ya simu kila herufi ni namba tu, simu moja inatuma namba, ya pili inaitafutia umbo, na hii namba inayo ila umbo lake ni nafasi tupu. Ukijaza nafasi za kawaida simu inakataa kutuma, lakini hii inapita kwa sababu inahesabiwa kuwa herufi. Tukakubaliana: ujumbe mtupu maana yake niko salama, usipige.

Tukaenda hivyo miezi mingi. Halafu simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya kuoshea gari, nikanunua nyingine kuukuu kule sokoni Shumaisi, bei ya kutupa.

Ijumaa mchana ujumbe wa Nekesa ukaingia, na haukuwa mtupu. Kisanduku! Kidogo hivi, mistari pande zote, katikati hakuna kitu. Baada ya muda mfupi, kingine. Nikapiga, imezimwa.

Nikamwonyesha Mutiso, mlinzi wa jirani. Akakikodolea macho weee, kisha akasema, "Bro, hili ni dirisha. Huyu amefungiwa."

Haki ya Mungu, nilimwamini. Ningetulia hapo yangeisha, lakini mimi huyo mpaka kwenye grupu la madereva Wakenya wa Jeddah, nikaandika dadangu amefungiwa, nikaweka na ramani ya nyumba, kisha nikamwendea bosi wangu, huku mabosi tunawaita baba, nalia kabisa (mwanaume mzima, na ndevu zangu), ampigie kafili wa Nekesa, yule mwajiri aliyemdhamini. Mzee wa watu akapiga, akaweka spika.

Kumbe kule kulikuwa na karamu, ukoo mzima wa madam umekuja. Nikasikia sahani, vicheko, halafu kafili akiita kwa Kiarabu, "Nekesa! Ndugu yako anauliza kama uko hai!"

"Niko hai, baba. Napakua wali."

Kabla sijameza mate nikasikia honi. Madereva walikuwa wamefika getini, na mmoja anapaza sauti, "Nekesa, toka, tumekuja kukuchukua!" Madam naye anapiga kelele, wageni wanauliza kuna nini.

Aliyetuokoa ni yule binti. Akachukua simu, nikamweleza habari ya visanduku, akauliza, "Umebadilisha simu?" Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akakohoa. Simu kuukuu haikuwa na umbo la ile herufi, na simu isipopata umbo huchora kisanduku. Yaani dadangu alikuwa ananiambia niko salama, niko salama, kisha akazimishwa simu kwa sababu ya wageni, na mimi nikamwitia jeshi.

Bosi wangu akakata simu, akanitazama sana. "Halas, imetosha. Nenda ukaoshe gari." Nilitamani ardhi inimeze.

Ile simu niliirudisha Shumaisi, na nimeapa sinunui simu tena kabla ya kuuliza kama inajua Kikorea. Lakini kumpigia Nekesa nilikuwa naogopa. Hatimaye akapiga yeye, mchana kweupe, madam mwenyewe kampa simu.

"Umeniaibisha, kaka. Mpaka watoto wananiita Napakua Wali."

Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Nyamaza kwanza. Tangu nije hapa walidhani sina mtu."