Kitufe cha Pikapu Kando ya Kitanda

Baba alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa pikapu yake. Shati lake ungeazima, hata baiskeli, lakini pikapu ile kuukuu hakuna aliyeruhusiwa kuiwasha ila yeye. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mgongo ukamlaza kitandani pale nyumbani Shinyanga. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nikarudi kusaidia kumuuguza. Mama alijua kuendesha, na aliyemfundisha ni baba huyo huyo. Mchele wa kupeleka gulioni Mhunze ulijaa sebule nzima, na usipouzwa hatuli. Mzee akang'ang'ania: "Gari yangu haiwashwi na mtu mwingine."

Mimi ningegombana naye. Mama alimwita fundi umeme wa magari. Katika pikapu ile ufunguo ulifungua umeme tu. Stata ya kuamshia injini ilikuwa na kitufe chake karibu na usukani. Fundi akaking'oa, akakiunga kwa waya mrefu, akaupitisha dirishani mpaka kando ya kitanda cha baba.

Kesho yake mama alikaa kwenye usukani, akahakikisha gia haijaingia, akapaza sauti: "Mzee, iko frii!"

Baba akabonyeza. Injini ikakohoa, kisha ikanguruma. Jamani, uso wa baba! Tangu augue sikuwa nimemwona akicheka vile. Mama akachomoa waya, akaondoka na mchele wake, na mimi nikabaki mlangoni nikimwonea fahari mama yangu.

Fundi alikuwa amemshauri aweke kitufe cha pili ndani ya gari, kwani huko safarini angewashaje? Mama alikataa katakata. "Nimeshamwambia atawasha yeye." Basi akawa anaegesha mteremkoni, akiachia breki gari linaserereka, anaingiza gia, linawaka. Lakini nchi yetu ni tambarare, mteremko utautoa wapi? Alipandisha matairi ya nyuma juu ya vichuguu, na gauni lake safi, huku wanaume wa gulioni wakimcheka. Hakujali, wala nyumbani hakusema neno.

Aliyesema ni jirani yetu, alipokuja kumjulia hali mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgongo vipi? Mwenzio jana katusukumisha gari Mhunze, wanawake peke yetu, matope mpaka magotini!"

Alitania tu, masikini. Baba hakucheka. Jioni mama alipoingia, akamuuliza, "Umekuwa ukisukumwa?"

"Mara mojamoja."

"Kwa nini usiweke kitufe kingine?"

"Kingine cha nini? Chako kipo."

Baba akageukia ukutani. Nilidhani amekasirika, nikatoka nje. Kumbe alikuwa anajifuta macho. Asubuhi akaniagiza nimwite fundi, na fundi alipofika akamkabidhi kitufe kwa mkono wake mwenyewe. "Kirudishe garini," alisema. "Pale mkono wake unapofika."

Siku iliyofuata mama alipakia mchele, akakaa kwenye usukani. Kitufe kilikuwa mbele yake. Tulisubiri mngurumo, kimya. Baba akajiinua kidogo kwa kiwiko, akatazama dirishani, akidhani stata imegoma.

Ndipo tukasikia sauti ya mama: "Mzee, iko frii. Niwashe?"

Baba akaitikia kutoka kitandani.

"Washa, mama," akasema. "Washa."