Wifi Yangu na Albumosi Yake

Simpendi wifi yangu, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu watu wataona aibu. Mume wangu hana dada mwingine, kwa hiyo chuki yangu yote ya mawifi ameipata yeye peke yake.

Anafanya kazi maabara ya hospitali, upande wa mikojo. Aliingia pale nywele zikiwa nyeusi tii. Wenzake wanamwita Bi Proteidi, kwa kuwa neno protini lilikuwa haliwezi kutoka kinywani mwake. Mwalimu wake chuoni alikuwa mzee wa vitabu vikuukuu, na wifi alimeza maneno yake mazimamazima: proteidi, albuminoidi, albumosi. Wanasayansi wenyewe waliyatupa zamani, walipogundua kwamba walivipa majina vitu wasivyovielewa. Mkuu wa maabara alimsihi ayaache, akabandika ukutani karatasi ya maneno mapya. Wifi akaibandua, akafunikia kikombe chake cha chai.

Ukimwuliza maana ya neno lake, alikuwa akikutazama kuanzia unyayo hadi utosi, kisha anasema, "Kasome." Wauguzi waliambiwa hivyo, madaktari pia. Hata mimi, siku niliyopelekwa kutambulishwa, niliuliza kazi yake hasa ni nini, nikajibiwa hivyohivyo mbele ya baba mkwe.

Haki yake nampa: mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mume wangu na kumsomesha, na kuolewa hakuolewa. Lakini hakuna ziara aliyotuacha tusahau hilo.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Mwaka jana alianza kulalamikia mgongo, na uchovu usioisha kwa kulala. Akaenda hospitali ileile, daktari akaagiza apimwe mkojo. Pale kichupa hufika maabara na namba tu, bila jina, watu wasije wakachungulia magonjwa ya jirani zao. Wifi akaupasha moto mkojo ule kama alivyofundishwa. Ulipopata joto ulichafuka, ulipochemka ukatakata, ulipopoa ukachafuka tena. Aliona sawasawa. Anajua kwamba mkojo wa namna hiyo mara nyingi ni saratani ya uboho wa mifupa. Akaandika neno moja: albumosi.

Daktari akampigia simu. Haya nimeyapata kwa daktari mwenyewe, baadaye, akiwa hawezi kunitazama usoni.

"Bi mkubwa, albumosi ndiyo nini? Albumini?"

"Kasome, daktari."

"Nina foleni ya wagonjwa hapa. Niambie tu."

"Na mimi nina foleni ya mikojo."

Akakata simu. Daktari naye, badala ya kushuka ngazi akaulize tena, akakisia kuwa ni albumini, ile ya figo mbovu. Akaandika dawa za figo na kutukataza chumvi. Wajuaji wawili walitunishiana misuli, na mgonjwa alikuwa wangu.

Miezi ikapita tukila chapwa. Nilijipa moyo kwamba anapata nafuu. Siku moja akiwa karakana aliinama kuinua kompresa, pingili ya mgongo ikabomoka. Wenzake walimbeba. Miguu haikurudi.

Wodini, daktari bingwa alipekua majibu ya zamani mbele yetu. Wifi alikuwa amesimama kando ya kitanda, chupa ya uji mkononi.

"Albumosi?" bingwa akashangaa. "Nani bado anaandika hivi? Saratani hii ilionekana tangu wakati ule!"

Mume wangu akageuza shingo.

"Dada, ni wewe?"

"Sikujua ni wako, mdogo wangu. Namba tu ile."

Mkuki kwa nguruwe! Nikamwambia, "Kwa hiyo angekuwa mume wa mwenzangu, ingekuwa sawa?"

"Neno lilikuwa sahihi," akasema. Mpaka hapo, jamani, alikuwa bado anatetea neno.

"Ungemwambia tu, Dada," mume wangu akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Ningekuwa natembea."

Chupa ikamponyoka, uji ukatapakaa sakafuni. Nilimwacha aufute mwenyewe.

Siku hizi, nasikia, anaandika protini kama watu wote, na anawapigia madaktari kuwaeleza hadi wanamwomba aishie hapo. Hongera yake. Kila Jumamosi huja kwetu kumgeuza mdogo wake, kumwosha na kumkanda miguu asiyoihisi. Mume wangu amemsamehe, anasema mtu hana mama wawili. Mimi mama yangu yupo, wala si yeye.

Hupiga hodi kwa sauti ndogo, sauti ambayo zamani hakuwa nayo. Namfungulia mlango. Karibu simwambii.