Kichuguu Chenye Mtandao

Udongo uliokuwa na dhahabu nyingi kuliko wote niliokusanya Ndalambo ulitoka kwenye kichuguu ambacho mwanamke mmoja alikipanda kila jioni kusubiri simu ya mumewe. Majibu ya maabara niliyasoma nikiwa nimesimama juu ya kichuguu hichohicho, kwa sababu upande ule wa mashamba hapakuwa na mahali pengine pa kuyasomea. Mtandao ulishika pale tu.

Nirudi nyuma kidogo.

Kampuni iliyonipa mkataba ilitaka kujua kama chini ya mashamba yale kuna dhahabu. Mwamba umefunikwa na udongo mzito, huoni jiwe, unaona mahindi na karanga. Kuchimba mashimo kila mahali ni gharama, kwa hiyo kazi ya kwanza tunawaachia mchwa. Mchwa hushuka chini sana kufuata unyevu, wakarudi na punje za udongo mdomoni na kujengea. Kichuguu kikubwa ni kazi ya vizazi na vizazi vya mchwa, na ndani yake kuna chembe za vitu ambavyo sisi tulio juu hatuvioni. Ukipima udongo wa vichuguu vingi na kuchora ramani, unapata fununu ya kilicho chini.

Kazi yenyewe ni ya mtu mmoja. Nilikwangua ganda la nje, nikachukua udongo wa kimo cha kifua, nikauchekecha, nikajaza mfuko, nikauandika namba, nikaenda kichuguu kinachofuata. Ukifanya hivyo kutwa nzima unaanza kuwafahamu wakazi. Kuna vichuguu vyenye majani mabichi wakati pori lote limekauka, na swala huja kuyala alfajiri. Kuna vilivyohamwa na mchwa wakahamia nguchiro. Familia moja ya nguchiro ilinizoea kiasi cha kusimama kwa miguu ya nyuma na kunitazama nikila chapati. Siku nyingi hao ndio walikuwa watu wangu wa mchana.

Siku za kazi nililala Ndalambo, kwenye chumba nyuma ya duka la mbolea na mbegu. Mwisho wa juma nilirudi Tunduma, kwenye chumba changu cha kupanga karibu na maegesho ya malori. Wapangaji wenzangu walitoka Kigoma, Tanga, Unguja. Walikaa mpaka mzigo uvuke mpaka, kisha wakaondoka. Nilikuwa nafahamu jina la mtu siku anayofunga begi. Mwenye nyumba, mzee wa kuuza vipuri, aliniuliza kila Jumamosi akitoka kunawa kwa ajili ya sala, "Mtaalamu, mawe yamesema nini?" Nilimjibu kwamba bado. Alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimemwambia kuna mgonjwa nyumbani. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu ya juma.

Kwenye kichuguu kile nilifanya kosa la mgeni. Nilikuwa nimepata ruhusa ya ofisi ya kijiji na ya mwenye shamba, mwanamume wa makamo aliyeniambia nikwangue nitakavyo. Mfuko ulikuwa umefika nusu niliposikia sauti nyuma yangu.

"Dada, kwenu hodi hampigi?"

Niligeuka. Alikuwa mwanamke wa rika langu, jembe begani, simu ndogo ya batani ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Nimepewa ruhusa na mwenye shamba, mama."

"Shamba la shemeji. Kichuguu changu."

Ndivyo nilivyojua kwamba huko kichuguu kina mwenyewe hata kikiwa katikati ya shamba la mtu mwingine. Sababu ni kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, mwenye kichuguu ndiye anayekifunika kwa matawi, ndiye anayewakinga, na hakuna wa kumgusia. Hiki mama mkwe wake alimkabidhi kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kufa. Niliomba radhi na kutaka kurudisha udongo.

"Chukua huo ulioutoa," alisema. "Ila usipande juu na hayo mabuti. Juu ni ofisi."

Jioni hiyo nilielewa maana yake. Jua lilipogusa miti, alifika, akavua kandambili, akapanda kwa vidato alivyovichonga ubavuni, akasimama kileleni na kuinua simu. Mumewe alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya upande wa Saza. Alipoondoka walikubaliana: akipata nafasi atapiga jua likizama, naye awe juu ya kichuguu. Nyumbani kwao simu haishiki, na vichuguu vya jirani alikwishavijaribu vyote. Mwanzoni mume alipiga mara kwa mara. Halafu kwa kuruka. Nilipofika mimi, ukimya ulikuwa umepita mavuno mawili.

Nilianza kupanga siku zangu ili nimalizie karibu na pale. Yeye alishuka, mimi nikapanda, peku, kama nilivyoelekezwa. Jumbe zangu zote ziliingia kwa mkupuo, na nyingi zilitoka kwa kampuni ya simu. Nilizisoma zote. Siku moja hazikuwepo hata hizo, nikajikuta nabonyeza namba za kuangalia salio ili tu simu ifanye kitu.

Aliniona. "Wewe nani anakupigia?" aliuliza kutoka chini.

"Bosi."

"Bosi si mtu, dada. Mtu ni yule anayepiga hana shida."

Tulicheka. Alinisubiri nishuke, tukatembea pamoja mpaka njia panda. Baada ya hapo alinisubiri kila siku.

Majibu ya maabara yalipokuja, nilimpigia mkuu wangu Dar es Salaam palepale kileleni. Hakufikiri hata kidogo. "Leta mashine. Kikatwe katikati, mtaro ushuke mpaka kwenye mwamba."

Mwenye shamba alifurahi alipopata habari. Alikuja kuniona na yule mwanamke, shemeji yake, akamfuata nyuma, na mimi nikawa katikati yao, na mkanda wangu wa kupimia mkononi.

"Kikatwe," alisema mwanamume. "Huyu kaka hajapiga tangu mavuno ya mwaka juzi. Kwani kichuguu ndiyo kaka?"

"Wewe ulipokuwa unalewa Nakonde mwezi mzima, mkeo aliuza kitanda?"

"Mimi nilirudi."

"Ulirudi kwa sababu ulikuta umesubiriwa."

Mwanamume alinitazama mimi ili nicheke naye. Sikucheka. Mwanamke akanigeukia, na sauti yake ikawa ya mtu anayetoa taarifa. Akasema dhahabu hiyo si ya humo. Mumewe, safari ya mwisho aliyorudi, alikuja na kiroba cha udongo wa machimbo. Hakuwa amepata fedha ya kuusagisha huko. Aliusafisha kwa karai pale chini ya kichuguu, upande wa machweo, yeye mke akimtekea maji, na matope yote yakamwagwa ubavuni.

Upande wa machweo ndio niliokwangua.

"Kiroba gani?" alisema shemeji. "Mimi naishi hapa. Sikuona kiroba. Shemeji, unataka kichuguu chako, sema unataka kichuguu chako."

"Nataka kichuguu changu. Na kiroba kilikuwepo."

Kwenye kazi yangu swali hilo si dogo. Kama kiroba kilikuwepo, basi nilipima udongo wa Saza uliosafiri kwa basi, na mashine ingekata kichuguu cha mtu bure. Kama hakikuwepo, basi chini yetu kulikuwa na kitu. Nilirudi kwenye vichuguu vyote vya jirani na kuchukua udongo upya. Havikuwa na kitu. Hilo lilimuunga mkono yeye, lakini si sana, kwa sababu mshipa mwembamba wa dhahabu unaweza kupita chini ya kichuguu kimoja ukaviacha vingine. Nilipima zebaki ambayo wachimbaji wadogo hunasia dhahabu. Haikuwepo. Hilo nalo halikusema kitu, maana yeye alisema wazi kwamba udongo ulioshwa kwa maji tu.

Nilihitaji udongo wa ndani, na kuupata ilikuwa lazima nikate. Niliahirisha kwa visingizio. Nilimwambia mkuu wangu barabara ni mbovu, na kweli ilikuwa mbovu, ila si kama nilivyoieleza.

Asubuhi moja mwanamke alinikuta njiani anacheka peke yake. "Njoo uone. Kuna mwenzako amechimba bila hodi."

Muhanga, yule mnyama mla mchwa, alikuwa amepita. Alikuwa amefungua tundu ubavuni, upande wa mawio, mbali na vile vidato, akafuata mchwa mpaka kwenye kiini na kuutupa udongo nje kama anayehama. Nililala kifudifudi na kuingiza mkono mpaka begani. Udongo wa ndani ulikuwa wa baridi na umeshikana. Mchwa askari waliniuma vidole, naye akanishikia mfuko, akihesabu kwa sauti kila nilipopiga kelele. Ilikuwa asubuhi ya furaha kuliko zote nilizokuwa nazo huko.

Majibu yalipokuja, nilipanda kuyasoma na yeye akabaki chini akinitazama uso.

Dhahabu ilikuwepo ndani. Lakini ilikuwa kidogo kuliko ya nje.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kama ilitoka kwenye kiroba, mvua na mchwa wanaoziba nyufa wangeweza kuivuta ndani kidogokidogo, na nje ingebaki nyingi. Kama ilitoka chini, mvua ingeosha udongo mwepesi wa nje na kuacha dhahabu iliyo nzito, na nje pia ingekuwa nyingi. Maelezo yote mawili yalifaa.

"Kwa hiyo anayejua ni mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Basi tunamsubiri wote."

Nilimwandikia mkuu wangu kwamba chanzo cha dhahabu hakijathibitishwa, kwamba kuna shahidi anayedai udongo ulitoka nje, na kwamba mtu pekee anayeweza kusema kwa hakika ni mumewe. Alinipigia jioni ileile. "Basi mpigie mumewe," alisema. Ilikuwa kejeli, lakini tulifanya hivyo. Mwanamke alibonyeza namba kutoka kichwani, akaweka spika. Tulisimama tumebanana kileleni, kwa sababu nafasi ya watu wawili hakuna. Mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa. Sauti ikarudia kwa Kiingereza. Hakukata. Alisikiliza mpaka mwisho, Kiingereza chote, kana kwamba safari hii yule dada wa kwenye simu angeongeza neno.

Mvua ilitusaidia. Mawingu yalishuka, na mashine isingepita tena mpaka kiangazi. Mkuu wangu aliandika kwamba uamuzi utasubiri. Mkataba wangu ulikwisha kabla hawajaamua. Siku ya mwisho nilikuta kichuguu kimefunikwa matawi mabichi, yeye ameinama na beseni, kumbikumbi wakijaa. Alinikaangia, akanifungia kwenye mfuko wa nailoni. Shemeji naye alikuja kuniaga, akala viganja viwili vya kumbikumbi wa kichuguu alichotaka kikatwe.

Namba ya mumewe niliiandika kwenye simu yangu kabla ya kuondoka. Mwanamke aliniomba mwenyewe. "Huko kwenu mtandao upo kila mahali," alisema. "Ukikaa bure, jaribu."

Huwa nakaa bure mara nyingi. Nimepata kazi nyingine upande wa Ileje, lakini chumba changu ni kilekile, na nyuma ya dirisha malori yanaunguruma. Nimekuwa nikiipiga ile namba nikipika, nikiipiga nikifua. Yule mwanamke naye nampigia jua likizama, kwa sababu ndiyo saa pekee anayopatikana. Nikimpigia saa hiyo kumsalimu, sauti yake ya kwanza huwa si ya kunipokea mimi bali mumewe. Huwa imejaa, imekimbia. Halafu inanitambua, inashuka, tunasalimiana vizuri. Siku hizi natanguliza ujumbe: ni mimi napiga.

Kiangazi kimerudi. Kijana aliyeshika nafasi yangu ameniambia mashine imeombwa, ila bado hawajasaini, na wangesimamisha wakipata ushahidi kuhusu kile kiroba. Kwenye ramani yao kichuguu kile kimewekewa alama ya kuuliza niliyoichora mimi.

Juzi mchana, wakati chai inachemka, nilipiga ile namba kama ilivyo kawaida yangu. Iliita.

Niliketi. Iliita mpaka ikakata. Nilipiga tena, ikaita tena, hakuna aliyepokea. Niliandika ujumbe wa kujitambulisha na wa kuuliza habari ya udongo, na ukafika. Najua kampuni za simu huchukua namba iliyolala muda mrefu na kumpa mtu mwingine. Najua pia kwamba wachimbaji hukaa miezi bila kuchaji simu, kisha siku moja wakapata umeme.

Mpaka naandika haya ujumbe haujajibiwa. Jua linaelekea kuzama, na saa hizi yule mwanamke atakuwa anavua kandambili. Sijui kama nimwambie kwamba inaita.